Kupimwa Mgongo, Bega au Goti kwa Simu ya Video: Jiandae Hivi

Karibu kila anayepangiwa kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapia kwa simu huuliza mambo yaleyale. Utanipimaje bila kunishika? Nivae nini? Picha ya eksirei niitume mapema au nikuonyeshe hapohapo? Mama hana simu janja, itakuwaje? Majibu nimeyapanga hapa kwa utaratibu wa kuyatumia, ili siku ya miadi dakika zako ziishie kwenye goti na siyo kwenye kutafuta stuli.

Swali la kwanza jibu lake ni fupi. Sehemu kubwa ya upimaji wa misuli na viungo ni maelezo yako mwenyewe na namna unavyojongea: unainukaje, unainamaje, mkono unafika wapi, na ni wapi unakunja uso. Hayo yanaonekana vizuri kwenye kioo cha simu. Yasiyowezekana ni yale yanayotaka mikono yangu: kuhisi kama kano za ndani ya goti zimelegea, kubonyeza pingili moja moja, kugonga kwa kinyundo kuona mguu unavyoitika. Ukihitaji hayo utaambiwa uje.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, tuseme wa Chanika au wa ndani kabisa ya Kigamboni, mwenye maumivu ya kiuno, kupanda magari mawili hadi Upanga na kurudi kunaweza kumwacha hoi kuliko alivyoondoka nyumbani. Akipimwa kwanza kwa simu, tunajua kama ana haja ya kuja, na kama anakuja, anakuja kwa nani.

## Hawa wasisubiri miadi ya simu

Sehemu hii isome hata kama nyingine utazipitia juu juu. Ukiwa na mojawapo ya haya, nenda hospitali leo. Amana, Temeke, Mwananyamala, yoyote iliyo karibu nawe.

- Mgongo unauma, na pamoja nao kuna ganzi sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo umegoma au unatoka wenyewe, au miguu yote miwili inaishiwa nguvu. Mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo inaweza kuwa imebanwa. Hapa kila saa ina thamani, usiseme utaangalia mpaka kesho.
- Umeanguka au umegongwa na bodaboda, na huwezi kukanyaga hata hatua nne, au kiungo kimepinda.
- Kiungo kimoja kimevimba ghafla, ni cha moto, na una homa.
- Kigimbi cha mguu mmoja kimevimba na kinauma, hasa baada ya upasuaji, kujifungua au safari ndefu ya basi. Damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Pumzi zikianza kukata, usikae tena nyumbani.
- Bega au mkono wa kushoto unauma huku kifua kinabana na jasho linakutoka.

Kuna na orodha ya pili, ya mambo ambayo si ya kukimbiza usiku lakini lazima uyataje unapoweka miadi: kupungua uzito bila sababu, homa za jioni, jasho la usiku, maumivu yasiyopoa hata ukilala, au kuwahi kuugua saratani. Mgongo wa namna hii unaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye pingili, na mazoezi hayatibu kifua kikuu. Vilevile mwenye selimundu anayeumwa nyonga aseme mapema, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinakosa damu. Huyo anahitaji picha kabla ya mazoezi yoyote.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye kamera inayoona vizuri, imejaa chaji, na lenzi imefutwa kwa kitambaa safi. Pawabenki kama mtaa wenu umeme una tabia zake.
- Bando la kutosha. Nusu saa ya video inaweza kula MB mia kadhaa, kwa hiyo usianze na kibaki cha jana.
- Kiti imara kisicho na magurudumu. Cha plastiki kinafaa kikiwa kimeegemezwa ukutani, la sivyo kitateleza.
- Kitanda au mkeka, na mto mmoja.
- Kitu cha kuegemezea simu. Chupa ya chai iliyojaa maji haiangushwi na upepo, nayo ina kimo kizuri ukiiweka juu ya stuli.
- Daftari na kalamu, pamoja na dawa zako zote, zikiwemo za kuchua.
- Mtu mzima mmoja wa kukusaidia, hasa kama mgonjwa ni mzee au anayumba anapotembea.

Futi ya fundi cherehani ikiwepo ni vizuri. Isipokuwepo tutapima kwa vidole na mahali mkono unapofika.

## Hatua kwa hatua

1. Andika kisa cha maumivu, nusu ukurasa, siku moja kabla.

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mama lishe wa Buguruni akiniambia "mgongo unaniua", sijapata kitu. Akiniandikia "nikiinama kuosha masufuria kwa dakika tano unanishika kulia, juu kidogo ya kalio, nikisimama nikaegemea meza unaachia, lakini kukaa kwenye daladala ndiyo balaa, ganzi inashuka mpaka kwenye kidole gumba cha mguu", nusu ya upimaji imeisha kabla hatujaonana uso kwa uso. Nimeshajua upande, kinachochokoza, kinachotuliza, na kwamba kuna mshipa wa fahamu wa kuangaliwa.

Jibu haya kwa maneno yako ya kawaida:

- Yalianza lini, na ulikuwa unafanya nini? Kama yalikuja polepole bila tukio, sema hivyo.
- Yako wapi hasa, na yanasambaa kufika wapi?
- Asubuhi ukiamka mwili umekakamaa? Kwa muda gani? Anayelainika ndani ya nusu saa na anayekaa saa nzima hajakunjuka siwafikirii ugonjwa mmoja.
- Ni kazi gani hasa inayoyaamsha, na baada ya muda gani?
- Usiku unalala, au yanakuamsha?
- Umeshafanyiwa nini: sindano, kuchuliwa, kuvutwa, dawa za miti? Usifiche ya kwa mganga wa mifupa. Hakuna anayekuja kukugombeza, ila nikijua mguu ulivutwa wiki iliyopita nitausoma uvimbe kwa namna nyingine.
- Una kisukari, presha, au ujauzito?
- Unataka urudi kufanya nini? Taja kimoja. "Kuswali nikiwa nimesujudu" au "kuendesha bajaji kutwa" kunanisaidia kuliko "nataka nipone".

Kuhusu ile namba ya kupima ukali wa maumivu, sifuri hadi kumi, toa namba tatu: ya sasa hivi, ya siku mbaya kuliko zote wiki hii, na ya yakitulia. Anayeniambia ni kumi huku anakunywa soda namuuliza tena.

2. Tuma vipimo vya zamani mapema, lakini usivitangulize kama jibu.

Filamu ya eksirei ishike mbele ya dirisha mchana, zima flashi, piga picha ukiwa umenyooka nayo. Kisha piga karatasi ya majibu peke yake, herufi zisomeke. MRI usipige picha za vipande sitini. Karatasi ya majibu inatosha kwa kuanzia, na kama una CD itunze.

Hapa nina neno. Watu wengi huja na hukumu tayari: "pingili zimesagika", "ute wa magoti umekwisha". Wameambiwa hivyo mara moja, wakaacha kuinama, wakaacha kupanda ngazi, na misuli ikanywea. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yalikusanya picha za migongo ya watu wasioumwa mgongo kabisa. Asilimia 37 ya wenye miaka 20 walionekana kuwa na diski (mito laini iliyo kati ya pingili) zilizochakaa, na kwa wenye miaka 80 ikafika asilimia 96. Kwa hiyo picha yako ina maana ikilingana na kisa chako na mwendo wako. Isipolingana, nitaamini mwendo.

3. Panga chumba na simu.

Weka simu kwenye kimo cha kiuno, wewe ukae mbali nayo hatua tatu au nne. Nahitaji kuona kuanzia utosini hadi kwenye nyayo kwa wakati mmoja. Ukiwa umesimama simu iwe wima. Ukilala, ilale nayo. Mwanga utoke mbele yako, yaani dirisha liwe nyuma ya simu. Dirisha likiwa mgongoni mwako nitaona kivuli kinachozungumza.

Feni izimwe au ipunguzwe. Najua joto la Januari, lakini inameza sauti yako. Kama chumba ni kimoja na kimejaa kitanda na kabati, fanya mazungumzo na mazoezi ya kulala ndani, kisha sehemu ya kutembea itafutie korido au uani, mita tatu nne zilizonyooka. Ondoa zulia linalojikunja, ndoo za maji, na watoto wenye hamu ya kuonekana kwenye video.

Ijaribu simu siku moja kabla kwa kumpigia ndugu. Muulize, "Unaziona nyayo zangu?" Kama hazioni, songa nyuma.

4. Vaa kinachoonyesha kiungo.

Goti au enka (kifundo cha mguu): bukta, au taiti unayoweza kuipandisha juu ya goti, na miguu mitupu. Bega na shingo: singlendi, au kanga iliyofungwa juu ya kifua, mabega yakiwa wazi. Mgongo: fulana inayoweza kupanda juu kidogo na nguo ya chini yenye lastiki. Dera linaficha kila kitu, liweke kwa baadaye. Wanawake wasiopenda kuonekana na mtaalamu wa kiume waombe wa kike wakati wa kuweka miadi; ni ombi la kawaida kabisa. Kama yupo wa kiume tu, taiti na fulana ya kubana vinatosha kwa vipimo vingi, na hakuna kipimo cha simu kinachotaka uvue nguo za ndani. Akikuambia uvue, kata simu.

5. Mpe msaidizi kazi yake.

Kazi zake ni tatu: kushika simu tunapohamia mahali pengine, kusimama karibu na mgonjwa asianguke, na kubonyeza pale nitakapomwelekeza. Kujibu maswali si kazi yake. Binti akijibu kwa niaba ya mama, "Anaumwa hapa, huwa anasema hivi," mimi nasikia maumivu ya binti. Mwache mama aseme, hata akichukua muda.

6. Simu ikishaingia, malizeni haya kwanza.

Taja jina lako na mahali ulipo kwa kweli, mtaa na alama ya karibu, pamoja na namba ya pili ya kukupata. Ukianguka katikati ya kipimo, mimi niliye mbali nimpigie nani? Naye mtaalamu ajitambulishe, na una haki ya kumuuliza namba yake ya usajili. Asiyetaka kuitaja, agana naye.

Hakuna kurekodi mpaka pande zote mbili mkubaliane. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na video yako ya goti haina kazi kwenye grupu la ukoo. Malipo na habari za bima ulizia siku ya kuweka miadi, siyo katikati ya kipimo.

7. Onyesha kwa kidole kimoja.

Usiniambie tu "mguu". Weka ncha ya kidole kimoja pale panapouma zaidi, kisha chora njia yanapopita. Kidole kikitua sehemu moja kila mara, hiyo ni habari. Kiganja kizima kikizungukazunguka, hiyo nayo ni habari, tena tofauti.

8. Miendo.

Kanuni nne kabla hujainua kitu chochote. Anza na upande mzima, ili nijue kawaida yako. Nenda polepole. Sema "hapa" maumivu yanapoanza, usisubiri yafike mwisho. Na usijikaze kunifurahisha. Anayevumilia hadi mwisho ananipa kipimo cha uongo, kisha usiku hapati usingizi.

*Shingo.* Kaa kitini, uso kwenye kamera. Geuka kulia, kushoto, tazama dari, tazama kifua, lalia bega moja kisha jingine. Ukipata kizunguzungu, kuona mawili au ulimi kuwa mzito, simama hapohapo na useme.

*Bega.* Mbele ya kamera, inua mikono yote miwili kupitia mbele, kisha kupitia pembeni. Geuka, mgongo kwenye kamera, rudia. Nataka kuona kama bega zima linapanda kuelekea sikioni. Kisha peleka mkono nyuma kama unafunga sidiria au unatoa pochi mfuko wa nyuma, na uache dole gumba lionyeshe limefika wapi kwenye uti wa mgongo. Mwisho, bana viwiko ubavuni, mikono mbele, ifungue nje kama milango miwili. Mkono mmoja ukigoma kufunguka, hata ukisaidiwa na mwingine, nafikiria bega lililoganda, ambalo huwapata sana watu wa miaka 40 hadi 60 na wenye kisukari. Hili ni jambo ambalo simu hulikamata vizuri.

*Mgongo na kiuno.* Simama ubavu kwenye kamera. Inama mbele, mikono ishuke kwenye mapaja hadi inapofika, rudi. Mikono kiunoni, pinda nyuma kidogo. Geuka uso kwenye kamera, telezesha mkono ubavuni kila upande. Kisha kaa, nyoosha goti moja mpaka mguu uwe sawa na sakafu, halafu la pili. Kama kunyoosha mguu kunaamsha yale maumivu yako ya kushuka chini, siyo tu kukaza nyuma ya paja, sema. Baada ya hapo utatembea kwa visigino hatua chache, kisha kwa vidole. Anayeshindwa kuinua unyayo akitembea kwa kisigino anaondoka kwenye foleni ya simu na kuja kuonwa kwa mikono.

*Nyonga na goti.* Tembea kuelekea kamera na kurudi, mara mbili, mwendo wako wa kwenda dukani na siyo wa kwenda harusini. Chuchumaa hadi unapoweza huku umeshika kiti. Lala, vuta kisigino kuelekea kalio, kisha nyoosha kabisa. Msaidizi aweke kamera ubavuni, kwenye usawa wa goti, ili nione kama kuna upenyo kati ya goti na godoro. Goti lisilonyooka lote hulemaza mwendo kuliko lisilokunjika lote, na watu huliona dogo.

Kijana aliyejipinda kwenye mpira wa mchangani, akasikia "pwa" na goti likajaa ndani ya saa chache, asinilazimishe nimwambie kwa simu kama kano imekatika. Apumzishe mguu, aje ashikwe.

*Enka.* Kama imeteguka siku hizi mbili tatu, tunaanza na kanuni ya Ottawa, iliyochapishwa Kanada mwaka 1992 ili kupunguza picha zisizo za lazima. Je, ulitembea hatua nne ulipoumia, na unaweza sasa? Kisha msaidizi abonyeze nyuma ya mifupa miwili iliyochomoza pande za enka, kuanzia ncha ya chini kupanda sentimita 6, halafu mfupa uliochomoza ubavu wa nje katikati ya unyayo na ule wa upande wa ndani mbele ya enka. Mfupa ukiuma hapo, au hatua nne zikishindikana, nenda kapigwe eksirei. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, mara nyingi tunaanza kuitembeza mapema.

9. Nguvu.

Kipimo ninachokipenda hakihitaji mashine. Kaa katikati ya kiti chenye kimo cha sentimita 43 hivi, kunja mikono kifuani, na kwa sekunde 30 inuka usimame wima kisha ukae, mara nyingi uwezavyo. Msaidizi anashika saa, mimi nahesabu. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akipata chini ya 12, au mwanaume chini ya 14, yuko chini ya wastani na hatari ya kuanguka imepanda. Sizichukulii kama sheria kwa wazee wetu, ila ni mahali pazuri pa kuanzia, na baada ya wiki sita tunarudia kwenye kiti kilekile.

Kwa mguu wa chini, shika ukuta kwa vidole viwili, inuka kwa ncha ya mguu mmoja. Hesabu upande mzima, kisha unaouma. Aliyesikia kama amepigwa teke nyuma ya kisigino na sasa hawezi kuinuka hata mara moja asiendelee kujaribu. Huenda kano kubwa ya kisigino imekatika.

Mzee anayeyumba hafanyi chochote akiwa amesimama bila mtu kumshikia karibu. Msaidizi akienda kuzima jiko, tunasubiri.

10. Mikono ya msaidizi.

Aweke mgongo wa kiganja kwenye goti zima, kisha kwenye linalouma: lipi la moto zaidi? Abonyeze uvimbe kwa dole gumba sekunde tano, aachie: shimo limebaki? Apitishe kipande cha pamba kwenye unyayo wa kulia na wa kushoto huku mgonjwa amefumba macho: unahisi sawa? Basi. Asivute wala kuzungusha kiungo chochote, hata kama alishawahi kuona kwenye video.

11. Usikate simu bila haya manne.

Yaandike wakati mtaalamu bado yupo: anafikiri tatizo ni nini na ana uhakika kiasi gani, mazoezi gani na mara ngapi kwa siku, dalili gani ikitokea unakwenda hospitali, na lini mnaonana tena, kwa simu au kwa mguu. Zoezi lolote ulilopewa lifanye mara moja mbele ya kamera kabla ya kuagana. Karibu kila mtu hulifanya tofauti na alivyoelezwa.

Dawa za maumivu usiongeze kwa sababu tu umepimwa. Wenye vidonda vya tumbo, figo au presha, uliza daktari au mfamasia kabla ya diclofenac na jamaa zake.

## Mambo yanapokwenda kombo

Video inagandaganda. Zima kamera, bakini kwenye sauti kwa sehemu ya maelezo. Kwa miendo, msaidizi arekodi vipande vifupi vya sekunde kumi na tano na kuvituma WhatsApp kimoja kimoja. Mwendo wa kutembea uliorekodiwa vizuri unashinda wa moja kwa moja unaokatika. Mkimaliza, kubalianeni kama vifutwe au vitunzwe kwenye faili.

Umeme umekatika na chumba ni giza. Tochi ya simu nyingine iwekwe pembeni ya simu inayopiga, imulike mwili na isikupige machoni. Kama haitoshi, hamisha miadi.

Mgonjwa hasikii vizuri. Msaidizi arudie maneno yangu karibu na sikio lake, neno kwa neno, bila kuyafupisha. Vinginevyo mtaalamu afanye tendo mwenyewe mbele ya kamera, mgonjwa aige.

Hakuna msaidizi. Inawezekana, ila vipimo vya kusimama kwa mguu mmoja na vya kubonyeza vinaachwa, na mtaalamu aambiwe tangu mwanzo.

Mama yuko kwake, simu yake ni ya kitochi. Mazungumzo ya hatua ya kwanza yafanyike kwa simu hiyohiyo ya kawaida. Video isubiri mjukuu afike Jumamosi.

Mtaalamu amemaliza ndani ya dakika tano, amekuuliza umri na kukutumia picha za mazoezi. Hujapimwa. Omba akuone ukitembea, ukiinama, ukiinuka kitini. Akisema hakuna haja, tafuta mwingine.

Maumivu yameongezeka baada ya simu. Misuli iliyojongea zaidi ya mazoea yake italalamika. Yakirudi yalivyokuwa ndani ya saa 24, endelea na mazoezi, ila siku hiyo punguza idadi kwa nusu. Yakipita siku ya pili bila kushuka, acha zoezi lililoyaamsha, andika ni lipi na ni mkao gani, umtumie mtaalamu ujumbe. Kukiingia ganzi mpya, udhaifu, au mkojo kubadilika, rudi kwenye ile orodha ya mwanzo na uende hospitali bila kusubiri ujumbe ujibiwe.